Bibi Huangushwa na Unene au na Kiti?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mwanamke mnene aliyevuka miaka 60 huanguka kwa sababu ya unene wake, na akipungua hataanguka tena. Wapo wanaoona hakuna cha kujadili hapo. Wapo pia wanaoona kuitamka tu ni kuwakosea adabu wazee. Nimeipeleka Mapera, katika milima ya Wamatengo wilayani Mbinga, kwa sababu kule ardhi haina subira na mtu anayeyumba. Shamba limeinama, njia ya kwenda mtoni imeinama, na mvua zikishaanza Novemba udongo huteleza mpaka Aprili. Mama wa Kariakoo akipepesuka hushika ukuta. Wa Mapera akipepesuka yuko kwenye mteremko, jembe begani.

Wamatengo walikuwa na sengu, kikao ambamo watu wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao na kuamua mambo yao. Nimekipanga kikao hiki kwa mfano huo, ila hapa wanawake ndio wenye kauli. Wasemaji nimewatunga, na hakuna mtu wa kweli aliyefichwa nyuma ya yeyote kati yao. Wanayoyasema kuhusu mwili, mifupa na tafiti ndiyo ya kweli. Yupo Bibi, mjane wa Mapera, mnene. Yupo wifi yake kutoka Mbamba Bay, kandokando ya Ziwa Nyasa, mwembamba tangu usichana wake. Yupo mjukuu anayefanya kazi Dar es Salaam, nesi wa zahanati, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

BIBI: Tumsifu Yesu Kristo.

WOTE: Milele, amina.

MJUKUU: Shikamooni. Mnisamehe kuanza ilhali mimi ndiye mdogo. Bibi ameanguka tena, na safari hii si shambani. Ni pale mlangoni pa jiko, sakafu kavu, mchana kweupe. Mimi nasema ni mwili. Kuna utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 10,000 wenye miaka 65 na kuendelea, kuanzia 1998 hadi 2006. Wenye kiribatumbo cha ngazi ya kwanza walikuwa na uwezekano wa kuanguka uliozidi wa watu wa uzito wa kawaida kwa asilimia 12. Ngazi ya pili, asilimia 26. Ngazi ya juu kabisa, asilimia 50. Kadiri mwili unavyozidi, ndivyo kuanguka kunavyozidi. Bibi, nakuomba upungue.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Nimekusikia. Sasa na mimi unisikie. Wewe umezaliwa wakati kukonda ni fasheni. Sisi tumezika watu waliokonda. Mwanangu wa pili alianza kukonda mashavu, akafuatia mabega, na kijiji kizima kilijua kabla hatujaambiwa na daktari. Mwanamke akipungua hapa, watu hawasemi amependeza. Wanauliza anaumwa nini, na wakimaliza kuuliza wanaanza kumkwepa. Huu mwili unaouona ndio ulionisaidia kutembea kifua mbele miaka ile.

Hapa nawasimamisha kidogo, maana jibu la Bibi lina uzito kuliko linavyosikika mjini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata kukonda kulikuwa hukumu. Mama aliyekuwa na miaka 30 wakati ule leo amevuka 70. Anayemwambia apungue ajue anazungumza na mtu aliyejifunza kuuogopa mwili mwembamba kwa kuuguza na kuzika. Ushauri wa lishe usioanzia hapo hautasikilizwa Mapera, hata uandikwe kwa herufi kubwa ukutani.

NESI: Bibi, hilo nalikubali kabisa. Ila tuutenganishe ugonjwa na uzito. Nikueleze mwili unavyosimama. Ukisimama umetulia, unadhani hujongei, kumbe unayumba kidogo kidogo muda wote, mbele na nyuma. Nyayo zinahisi, ubongo unapokea habari, misuli ya shavu la mguu na ya kifundo cha mguu inakurudisha katikati. Sasa tumbo likiwa kubwa, uzito unasogea mbele, kuelekea vidoleni. Kifundo cha mguu inabidi kivute zaidi kukurudisha. Na mwili mzito ukishaanza kwenda, kuuzuia kunataka nguvu nyingi na ya haraka. Juu ya hayo, nyayo zinazokandamizwa na uzito siku nzima hupungua hisia, kwa hiyo habari zinafika zimechelewa. Mwenye kisukari ndiyo zaidi, maana mishipa ya fahamu ya miguuni inaharibika.

MJUKUU: Si ndivyo nilivyosema?

NESI: Nusu yake. Wewe ulisema unene. Mimi nasema inategemea umekaa wapi. Mafuta ya nyonga na mapaja hayasumbui kusimama kama yanavyosumbua mafuta ya tumbo. Na hedhi ikishakoma, homoni zikishuka, mafuta ya mwanamke huanza kuhamia tumboni, hata kama chakula chake ni kilekile. Ndiyo maana wanawake wengi wanashangaa: sijaongeza ugali, mbona kanga haifungiki kama zamani?

WIFI: Haya, na mimi je? Sina tumbo, sina nyonga. Mwaka jana nimeanguka pale ufukweni na ndoo ya usipa, nikatanguliza mkono, ukavunjika hapa juu ya kiganja. Mpaka leo siwezi kukamua nguo. Mimi nani ameniangusha, mafuta gani?

(Anaunyoosha mkono wa kulia. Juu ya kiganja mfupa umeunga vibaya, umepanda kidogo kama mgongo wa kijiko kilichogeuzwa, na kidole gumba hakifiki kwenye kidole cha mwisho.)

NESI: Hapo ndipo mjukuu wetu anatakiwa asikilize. Wembamba nao una hatari yake, na kwenye nyonga ni kubwa. Watafiti walikusanya habari za watu wapatao 60,000 kutoka nchi mbalimbali, matokeo yakatoka mwaka 2005. Waligawanya uzito wa mtu kwa kimo chake mara mbili, kile kipimo chetu cha kliniki. Mwenye 20 alikuwa na hatari ya kuvunjika nyonga karibu mara mbili ya mwenye 25. Na 20 siyo utapiamlo, bado ni uzito wa kawaida. Mafuta yana kazi yake: hedhi ikikoma, yanaendelea kutengeneza kiasi cha homoni ya kike inayolinda mifupa. Na pale ubavuni mwa nyonga yanakuwa kama godoro mtu anapoangukia upande.

BIBI: Umesikia, mjukuu wangu? Godoro.

NESI: Bibi, usifurahi mapema. Kuna utafiti mwingine wa wanawake waliokoma hedhi katika nchi kumi, uliochapishwa 2011. Watu walikuwa wanaamini unene ni kinga ya kuvunjika. Ikaonekana si kweli. Wanene walivunjika vilevile, ila mahali pengine: kifundo cha mguu na mfupa wa paja. Kifundo cha mkono, kama cha wifi yako, kwao kilivunjika mara chache zaidi. Unene haukukingi, unakuchagulia mfupa.

Sentensi hiyo ya mwisho nimempa nesi kwa makusudi, kwa kuwa ni hapo hoja ya mwanzo inapoanza kupasuka. Tulikuwa na swali moja, sasa yapo mawili: nani anaanguka, na nani anaumia akianguka. Ule utafiti wa Marekani alioutaja mjukuu una kipande ambacho hakukisoma kikaoni. Wenye kiribatumbo cha ngazi ya juu walianguka zaidi, lakini walipoanguka walielekea kuumia kidogo. Una pia kipande cha tatu, nacho kinaniuma zaidi. Mtu mnene akishaanguka, alielekea zaidi kushindwa baadaye kujihudumia mwenyewe: kuoga, kuvaa, kuinuka kitandani. Mjini hilo ni tatizo. Kijijini, ambako choo kiko nje na mtu anachuchumaa, ni mwisho wa kujitegemea.

MWALIMU: Niruhusuni kina mama. Mimi naona mnasahau jambo moja. Wanawake wa kwetu wanabeba mizigo maisha yao yote. Ndoo ya lita ishirini kichwani, mtoto mgongoni, anapanda mlima huku anazungumza. Mwaka 1986 wanasayansi waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo na Wakikuyu, matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature. Wanawake wale walibeba mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 wakaeleza sababu: wanautumia mwendo wa kuinuka na kushuka wa mwili kwa ufanisi kuliko mtu asiyezoea. Sasa kama mama anaweza kubeba asilimia 20 ya uzito wake kichwani bila taabu, asilimia 20 ya mafuta itamshinda nini?

Ni hoja nzuri, na nimeiwaza kwa muda mrefu. Nadhani jibu lake ndilo linalofungua mambo yote.

NESI: Mwalimu, ndoo inakaa kichwani, katikati kabisa, juu ya uti wa mgongo. Tumbo linakaa mbele. Na mwanamke ndoo ameanza kuibeba akiwa na miaka sita, kikopo kidogo, halafu kidumu, halafu ndoo. Misuli ilikua pamoja na mzigo. Mafuta ya uzeeni yanakuja wakati misuli inaondoka. Mzigo unaongezeka, mbebaji anadhoofika. Halafu ndoo unaitua.

BIBI: Hapo umesema, mwanangu. Ndoo unaitua.

NESI: Naomba nikuulize, bibi. Ulianza lini kuanguka?

BIBI: (Anafikiri.) Baada ya kuacha shamba la juu. Nilipokuwa nachimba ngolo sikuwahi kuanguka. Kuteleza ndiyo, ila nilikuwa nateleza nikasimama.

Msomaji asiyeijua ngolo aelezwe. Ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo, kilichoishikilia milima hii isiporomoke kwa vizazi vingi. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, kama miraba. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuufukia ukingo kwa udongo, kisha anapanda maharage juu ya kingo. Mashimo yanapokea maji ya mvua, udongo haukimbii, majani yanaoza na kuwa mbolea. Msimu unaofuata panakuja mahindi. Ukimtazama mwanamke akifanya kazi hiyo utaona nyayo mbili haziko usawa hata mara moja. Mguu mmoja uko kwenye ukingo, mwingine uko shimoni. Anahamisha uzito kutoka huu kwenda ule, anainama, anainuka, anageuka nusu, anarudi. Vidole vya miguu vinashika udongo. Kifundo cha mguu hakipumziki. Kila anachokitaja nesi kuhusu kusimama imara, ngolo inakifanyia mazoezi mchana kutwa.

MJUKUU: Kwa hiyo tulikosea kumwambia apumzike? Sisi wajukuu tulichanga, tukaweka kibarua wa shamba la juu. Tukamvutia bomba mpaka uani. Tukamnunulia kiti kizuri cha kuegemea. Akienda kanisani tunamlipia bodaboda. Tulifanya kwa upendo.

BIBI: Kwa upendo kabisa. Sijawahi kulalamika.

MJUKUU: Na kazi ya jembe siyo mazoezi, tusidanganyane. Bibi magoti yamekwisha kwa jembe. Mgongo umepinda kwa jembe. Mnataka mtu wa miaka 72 arudi mlimani ili asianguke nyumbani?

NESI: Hapana, hata mimi sitaki hivyo. Magoti yaliyosagika yanamwangusha mtu, maana goti likiuma linaachia ghafla. Na wapo akina mama hapa wa miaka 80 wanalima kwa sababu wasipolima hawali. Hao siwezi kuwaambia ninawapongeza kwa mazoezi.

Mjukuu ana haki hapa, na nisingependa mtu yeyote aisome makala hii kama sifa ya jembe. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, awe alikuwa na ajira au hakuwa nayo. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Mama wa Mapera ambaye hakuwahi kuajiriwa anaishi kwa kahawa yake, kwa maharage yake na kwa watoto wake. Kupumzika kwake ni haki, na kwa wengi ni haki ambayo haijafika. Wanaoipata wanaipata kwa namna moja tu: kiti. Hatujui kumpumzisha mzee bila kumkalisha.

Na kinachotokea kitini hakionekani kwa macho. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, alilipa jina rasmi tatizo la misuli inayoyeyuka kwa umri, ili madaktari walichukulie kwa uzito wake. Misuli isiyotumika hupungua, na mafuta hujipenyeza katikati ya nyuzi zake. Ndiyo sababu mizani inaweza kudanganya. Mama aliyekuwa na kilo 70 akiwa na miaka 55, akilima, anaweza kuwa na kilo zilezile 70 akiwa na miaka 72, akikaa. Mizani inaonyesha hakuna kilichobadilika. Ndani ya ngozi, kilo kadhaa za misuli zimetoka na kilo hizohizo za mafuta zimeingia. Yule wa kwanza angeteleza akasimama. Yule wa pili anateleza akaanguka. Mjukuu akiangalia picha za zamani ataapa bibi yake hajanenepa, na atakuwa sahihi.

Kuna upungufu mwingine, huu wa wanaopima. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Takwimu hiyo inatajwa kila mahali. Lakini waliopimwa ni wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012 ulikwenda mbali zaidi, ukaishia miaka 64. Bibi wa kikao hiki hayumo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Tunabishana kuhusu mwili ambao tafiti hizo hazikuuweka kwenye mizani, sembuse kuutazama unavyosimama.

WIFI: Sasa mtupime basi. Si tupo?

Nesi anacheka, anaomba saa ya mwalimu. Bibi anavua kandambili na kuziweka kando ya mlango. Anakaza fundo la kanga, anasimama mbele ya mhimili wa baraza, mkono mmoja ukiwa karibu na mhimili bila kuugusa. Anainua mguu wa kushoto na kuuegemeza kwenye shavu la mguu wa kulia. Mguu uliobaki chini unaanza kazi: vidole vinajikunja na kushika sakafu, kano ya juu ya unyayo inasimama na kulala, kisigino kinapepesuka kulia, kushoto. Nesi anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne bega linainama. Kwenye sita Bibi anaushika mhimili.

NESI: Basi, bibi, pole, kaa. Kipimo hiki walikitumia Rio de Janeiro, Brazil, kwa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Sekunde kumi kwa mguu mmoja. Matokeo yalitoka 2022: walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84 katika miaka kama saba iliyofuata, hata baada ya kuhesabu umri, uzito na magonjwa waliyokuwa nayo. Siyo kwamba kusimama kwa mguu mmoja ndiko kunakomwokoa mtu. Ni kwamba mguu ule unatoa habari za mwili mzima.

BIBI: Kwa hiyo nakufa?

NESI: Bibi, una miguu inayopigana. Nimeiona. Sijaona mguu uliokata tamaa pale. Inataka kukumbushwa kazi.

MJUKUU: Na chakula? Maana bado sijaachana na hoja yangu.

NESI: Usiiache, ila iongezee. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio la watu 107 wa Marekani, wote wamevuka miaka 65 na wote wana kiribatumbo. Wengine walipunguza chakula tu, wengine walifanya mazoezi tu, wengine vyote viwili, wengine wakaachwa kama walivyo. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya vyote viwili ndio waliokuwa na miili inayojimudu kuliko wote. Wale wa kupunguza chakula tu walipungua kilo, lakini pamoja na mafuta wakapoteza na misuli, na mfupa wa nyonga ukapungua uzito. Kwa hiyo ukimwambia bibi asile halafu akae kitini, unamtoa godoro, unamtoa na misuli. Unamwachia mifupa.

WIFI: Wifi yangu ale usipa. Naleta mwenyewe.

NESI: Ale usipa, ale maharage, hivyo ndivyo vinavyojenga misuli, na Mungu kavijaza huku kwetu. Apunguze mlima wa ugali, apunguze mafuta ya kukaangia na soda za sikukuu. Na wewe, mama, ule zaidi ya unavyokula. Miezi ya mvua mahindi yakipungua ndani, najua unawapa wajukuu na kujinyima.

(Wifi hajibu.)

MWALIMU: Na hayo mazoezi, nani atamfundisha mama wa miaka 72 mazoezi? Atavaa raba akimbie barabarani?

BIBI: Mwalimu, umesahau kioda?

Kioda ni ngoma ya wanawake wa pande za Ziwa Nyasa, kama mganda ulivyo wa wanaume. Siitaji hapa ili kupamba kikao. Mwaka 2019 wachambuzi walikusanya majaribio 108 ya mazoezi kwa wazee wanaoishi majumbani, yenye washiriki 23,407. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyofanya kazi vizuri ni yale yanayomlazimu mtu ahamishe uzito, asimame kwenye mguu mmoja, ageuke, ainuke na kukaa. Hakuna mashine hapo, wala raba. Ngoma ya wanawake wanaokwenda kwa hatua moja, wanaohamia mguu huu na ule kwa kufuata mdundo, inafanya kazi hiyo. Wachina wana mazoezi yao ya tai chi, na katika uchambuzi huohuo yalipunguza kuanguka kwa asilimia 19. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tayari wanakutana. Jumuiya ndogondogo zinakutana kila wiki. Robo saa baada ya sala, wazee wakiwa wamesimama nyuma ya viti walivyokalia, wakivishika kwa ncha za vidole, inatosha kuanzia.

MJUKUU: Na shamba?

BIBI: Shamba la juu sirudi, magoti yamekataa. Ila nataka bustani hapa nyuma ya nyumba, mashimo machache ya ngolo, ya maharage ya kula. Nichimbe asubuhi, jua likipanda niache. Na kanisani nitakwenda kwa miguu, kurudi ndiyo na bodaboda.

MJUKUU: Na ukianguka huko?

BIBI: Nikianguka huko nitakuwa nimeanguka natembea.

NESI: Bibi, ukianguka popote uje uniambie. Siku ileile. Kuna dawa za presha zinazoleta kizunguzungu ukiinuka haraka, naweza kukupeleka kwa daktari akazitazama. Kuna mtoto wa jicho. Kuna mlango wa jiko usio na mwanga. Wazee wa hapa wanaficha kuanguka, wanaogopa kunyang'anywa jembe.

Nafunga kikao, nami natoa hukumu yangu. Hoja iliyoletwa haisimami. Unene wa tumbo humyumbisha mwanamke mzee, hilo limethibitika, na anayelificha kwa kisingizio cha heshima anamdhuru. Lakini kinachomwangusha ni nguvu ya miguu iliyopungua kuliko mzigo inaoubeba, na nguvu hiyo hupungua kwa mnene na kwa mwembamba, kwa kukalishwa na kwa njaa. Kumpunguza mama kilo bila kumrudishia miguu ni kumbadilishia namna ya kuvunjika. Na mfupa wa nyonga ukivunjika Mapera, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iko Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kwa kuanguka kila mwaka duniani, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee ndio wengi wao.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na zahanati na hospitali nyingi zina dirisha lake. Katika dirisha hilo anapimwa presha na uzito. Naomba liongezwe swali moja, lisilohitaji dawa wala mashine: umeanguka tangu mwaka jana? Na kabla ya kuiuliza serikali, tujiulize sisi. Unapokwenda nyumbani likizo hii, usimletee mama kiti kingine. Mwombe asimame kwa mguu mmoja, uwe karibu umdake, uhesabu mpaka kumi. Akishindwa, mkaifanye kazi hiyo pamoja kila siku mpaka utakapoondoka, na umwachie mtu wa kuendelea naye.